Kutengewa, Kutengwa na Kujitenga: Sarufi ya Utengano katika Historia ya Ulyankulu, Kaliua

Kivumishi cha Kiingereza "separate" hueleza kuwa kitu kiko mbali na kingine bila kudokeza ni nani aliyeleta umbali huo. Kiswahili hutumia zaidi kitenzi -tenga, ambacho kwa minyambuliko yake humtaka msemaji abainishe: kitu kimejitenga, kimetengwa, au kimetengewa mtu? Sehemu hii inadai kuwa tofauti hiyo ni nyenzo ya uchambuzi wa kihistoria.

Mfano wa kwanza ni Urambo ya Mtemi Mirambo. Vita vyake na wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe, vilivyoanza mwaka 1871, vilivuruga njia ya misafara kati ya Tabora na Ujiji. Hata hivyo, si sahihi kusema kuwa Urambo ilijitenga. Mirambo, hadi kifo chake mwaka 1884, alitaka kuitawala biashara ya njia hiyo, si kuikimbia.

Mfano wa pili ni makazi ya Ulyankulu, yaliyoanzishwa kwa ajili ya wakimbizi waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Serikali iliwatengea ardhi, nao wakaifyeka na kulima mahindi na tumbaku. Lakini sheria iliwataka wawe na kibali kila walipotaka kutoka nje ya makazi. Hivyo, katika ardhi ileile, walitengewa na walitengwa kwa wakati mmoja. Mwandishi anayesema tu kwamba "waliishi peke yao" anaigeuza amri ya kisheria kuwa tabia ya watu.

Uzito wa suala hili ulidhihirika baadaye. Wakimbizi wapatao 162,000 wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo walikubaliwa uraia wa Tanzania, na vyeti vikaanza kugawiwa mwaka 2014. Mpango wa awali uliwataka wahamie mikoa mingine. Baadaye sharti hilo liliachwa. Swali lililobaki ni iwapo ardhi waliyotengewa wakiwa wakimbizi ni yao wakiwa raia.

Inafaa kukumbuka kwamba Kaliua yenyewe ilipotoka Urambo na kuwa wilaya, ilisemwa kuwa imemegwa, haikusemwa kuwa imetengwa. Kilichomegwa hubaki kipande cha mkate uleule. Historia ya Ulyankulu ni safari ya watu kutoka neno la pili kuelekea la kwanza, na safari hiyo haikamiliki kwa cheti pekee.