Kibaba Kinachopungua: Akiba na Riba katika Historia ya Kusini mwa Maniema

Utangulizi

Methali isemayo "Haba na haba hujaza kibaba" imefundishwa kwa vizazi vingi kama wasia wa kuweka akiba. Hata hivyo, methali hiyo ina sharti moja ambalo halitajwi, nalo ni kwamba kibaba chenyewe kisibadilike. Kipimo kikipungua mwaka hadi mwaka, mwenye kukijaza atasifiwa kwa bidii yake na bado atalala njaa. Makala haya yanalichunguza sharti hilo kwa kutazama historia ya Kasongo, Kabambare na Salamabila, kusini mwa Maniema, nchini Kongo. Swali linaloongoza uchunguzi ni hili: mtu mwenye fedha kidogo za kuweka kila mwezi alinganishe vipi njia mbalimbali za akiba ili apate faida iliyo bora?

Riba na faida

Kwanza yafaa istilahi zifafanuliwe. Neno riba limetoka katika Kiarabu, ambamo maana yake ya asili ni ongezeko. Kurani inakataza riba, na kwa sababu Kasongo ina jamii kongwe ya Waislamu tangu karne ya 19, neno hilo limebeba pale uzito wa dhambi. Neno faida, ambalo nalo lina asili ya Kiarabu, halina uzito huo. Ndiyo maana maneno hayo mawili huweza kutumika kwa ongezeko lilelile la fedha, huku msikilizaji akipokea hukumu mbili tofauti. Katika makala haya, riba ni kile kiasi ambacho mwenye kutunza fedha humlipa mwenye fedha, kikihesabiwa kwa asilimia. Faida ni kile ambacho mwenye fedha amepata kwa hakika anapozichukua.

Mikopo ya misafara

Kabla ya sarafu za kikoloni kuenea, Kasongo ilikuwa makao ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kama Tippu Tip, na iliendelea kuwa kitovu cha biashara ya Waarabu na Waswahili hadi ilipotekwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo mwaka 1893. Biashara ile ya pembe za ndovu, ambayo ilikwenda pamoja na utumwa, iliendeshwa kwa mikopo. Matajiri wa Kihindi wa Unguja, akiwemo Taria Topan, waliwakopesha viongozi wa misafara nguo, shanga na bunduki, nao wakalipa kwa pembe baada ya safari ndefu. Hesabu ya mkopo wa namna hiyo haikuishia katika idadi. Mkopaji alipaswa kujiuliza pembe zitakuwa na bei gani siku atakaporudi pwani. Kwa maneno mengine, thamani ya baadaye ilikuwa tayari sehemu ya mapatano.

Kitabu cha akiba

Chini ya Wabelgiji, mishahara, kodi na kilimo cha lazima cha pamba viliingiza faranga katika maisha ya kila siku ya Maniema. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni iliunda Shirika la Akiba la Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi, ambalo siku hizi hujulikana kama CADECO. Wakati wa utawala wa Mobutu liliitwa CADEZA. Mwekaji alipewa kitabu, na kila alichoweka kiliandikwa humo.

Kitabu hicho kilimfundisha mwekaji kusoma asilimia, lakini si rahisi kuona kwa mara ya kwanza asilimia hiyo inahesabiwaje. Tuseme mtu anaweka faranga 10,000 mwanzoni mwa kila mwezi, kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, yaani asilimia 1 kwa mwezi, na riba hiyo haizai riba nyingine. Mwisho wa mwaka ameweka 120,000. Wengi watatarajia riba ya 14,400. Lakini fedha za mwezi wa kwanza zimekaa miezi 12, za mwezi wa pili 11, na za mwezi wa mwisho mmoja tu. Riba yake itakuwa 7,800, sawa na asilimia 6.5 ya yote aliyoweka. Mwenye kuulinganisha mpango wa kuweka kila mwezi na ule wa kuweka fedha zote kwa mara moja, asipoijua tofauti hii, atadhani amedhulumiwa, au atachagua asilimia kubwa isiyompa alichotarajia.

Zaire iliyoyeyuka

Pigo kubwa zaidi lilitokea mahali pengine. Mwezi Juni 1967 faranga iliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na zaire, ambayo moja ilikuwa sawa na dola mbili za Marekani. Mwezi Desemba 1979 noti za zaire 5 na 10 zilifutwa ghafla, na wananchi wakapewa siku chache tu za kuzibadilisha. Kwa wakazi wa vijiji vilivyo mbali na benki, amri hiyo iliteketeza akiba ya miaka mingi. Mwaka 1993 ilitolewa zaire mpya, moja kwa zaire 3,000,000 za zamani. Mwezi Juni 1998 faranga ya Kongo ilirudi, moja kwa zaire mpya 100,000. Ukizidisha, faranga moja ya mwaka 1998 ilikuwa sawa na zaire bilioni 300 za mwaka 1967.

Hesabu ifuatayo ni ya kudhania, lakini inatoa mwanga. Tuseme mtu aliweka zaire 100, yaani dola 200, mwezi Juni 1967, katika benki ambayo ingeziongeza maradufu kila mwaka. Hakuna mtunzaji mwaminifu anayeweza kuahidi riba ya asilimia mia moja kwa miaka 31. Hata hivyo, mwezi Juni 1998 mtu huyo angekuwa na zaire zipatazo bilioni 215, ambazo hazitimizi faranga moja, wala hazifikii thamani ya dola moja. Kibaba kingekuwa kimejaa na kumwagika, na ndani yake hamna kitu.

Likelemba na dhahabu

Basi watu waligeukia wapi? Njia ya kwanza ilikuwa likelemba, ambayo Watanzania huiita upatu: wanachama huchanga kila mwezi, na mmoja hupokea mchango wote kwa zamu. Likelemba haina riba. Lakini katika miaka kama 1994, bei zilipopanda kwa maelfu ya asilimia, zamu yenyewe iligeuka kuwa riba. Aliyepokea mwanzo alinunua bati za kuezekea nyumba. Aliyepokea mwisho hakupata hata kiasi cha msumari. Uaminifu wa wanachama haukutosha kuondoa dhuluma hiyo.

Njia ya pili ilikuwa dhahabu. Salamabila iko karibu na Namoya, ambako kampuni ya Kibelgiji ilichimba dhahabu katika miaka ya mwisho ya ukoloni. Mwaka 1982 sheria iliwaruhusu wananchi kuchimba dhahabu kwa mikono, na gramu ikawa kipimo cha akiba. Dhahabu haizai riba. Bei yake pia huweza kuanguka: wakia moja iliyofikia dola 850 mwezi Januari 1980 ilikuwa karibu dola 250 mwaka 1999. Hata hivyo, haikufutwa kwa tangazo la redio. Hatari yake ilikuwa ya aina nyingine, kwani mwenye dhahabu nyumbani huvutia wezi na wenye silaha. Kampuni ya Banro ilianza uzalishaji wa kibiashara Namoya mwaka 2016, na mwaka 2019 ikasimamisha kazi kwa sababu ya ukosefu wa usalama.

Katika miaka ya karibuni vimeenea pia vikundi vya akiba na mikopo vijijini. Wanachama hununua hisa kila wiki, hukopeshana kwa riba, na kugawana fedha zote baada ya miezi tisa hadi kumi na miwili. Hapa riba anayolipa mkopaji hurudi kwa wanachama, naye akiwa mmoja wao. Aidha, mzunguko mfupi humpunguzia mwekaji hatari ya sarafu kushuka.

Faranga au dola

Swali la kipimo bado lipo. Mwanzoni mwa 2016 dola moja ilibadilishwa kwa faranga zipatazo 930. Mwisho wa 2017 ilikaribia 1,600. Tuseme mtu mmoja aliweka faranga 930,000 kwa asilimia 10 kwa mwaka, na mwenzake dola 1,000 kwa asilimia 3. Baada ya miaka miwili wa kwanza ana faranga 1,125,300, zenye thamani ya dola 703 hivi. Wa pili ana dola 1,060. Asilimia 3 imeishinda asilimia 10.

Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba swali la riba kubwa zaidi iko wapi linapaswa kutanguliwa na mengine matatu. Fedha zinahesabiwa kwa kipimo gani, na kipimo hicho kimepungua kiasi gani katika miaka iliyopita? Kila kiasi kitakaa muda gani kabla ya kuchukuliwa? Na nani anazitunza, iwapo amri, wezi au vita vitakuja? Anayekwenda na kitabu chake dirishani bila maswali hayo huiweka jasho lake mikononi mwa watu wengine. Wazee wa Kasongo waliofutiwa noti zao mwaka 1979 hawakukosa bidii wala nidhamu. Walijaza kibaba kama walivyofunzwa, na aliyekipunguza hakuwa miongoni mwao.