Nani Alitoa Siri ya Maji? Ngome ya Smbataberd na Kisima cha Liyongo

Kusini mwa Armenia, katika mkoa wa Vayots Dzor, ngome ya Smbataberd imekaa juu ya mgongo wa mlima unaotenganisha bonde la Artabuynk na bonde la Yeghegis. Pande tatu zimekingwa na magenge, na pale ambapo mlima haukutosha watu walipandisha kuta za mawe na minara. Mwanzo wake huhesabiwa tangu karne ya 5. Katika karne ya 9 na ya 10 watawala wa Syunik waliipanua na kuiimarisha.

Lakini mlima unaomzuia adui humnyima maji mwenyeji pia. Maji ya Smbataberd yaliletwa kwa mabomba ya udongo wa kuchomwa, yaliyofukiwa ardhini, kutoka upande wa monasteri ya Tsaghats Kar iliyo milimani jirani. Huo ulikuwa uhai wa ngome, na ndiyo iliyokuwa siri yake. Wenyeji husimulia kwamba Waturuki wa Seljuk, walioivamia Armenia katika karne ya 11, waliizingira ngome hiyo wasiiweze. Ndipo wakamnyima maji farasi mmoja hata akazidiwa na kiu, kisha wakamwachia mlimani. Farasi akafuata harufu ya maji mpaka mahali lilipopita bomba. Wakachimba, wakaliona, wakalikata. Walioshinda silaha wakashindwa na kiu.

Historia pana ya uvamizi huo inajulikana: Ani, mji mkuu wa zamani wa Armenia, ulianguka mwaka 1064, na ufalme wa Syunik ukadumu hadi 1170, ngome ya Baghaberd ilipotekwa. Kisa cha farasi ni kisakale, na kisakale hakisomwi kama hati ya mahakama. Swali lenye tija kwa mhakiki ni hili: mji unapoanguka, simulizi humtwika nani lawama?

Wasimulizi wa Smbataberd wamemtwika mnyama. Hakuna mlinzi aliyefungua lango usiku, wala mtawa aliyenunuliwa kwa dhahabu. Uamuzi huo una uzito tukikumbuka kwamba Syunik ilikuwa na msaliti wake tayari. Mwaka 451, Waarmenia chini ya Vardan Mamikonian walipopigana na Waajemi huko Avarayr kutetea Ukristo wao, Vasak, mtawala wa Syunik, alisimama upande wa Waajemi. Mwanahistoria Yeghishe alimchora kama mfano wa usaliti, na jina lake limebeba aibu hiyo hadi leo. Kwa hiyo jamii hii ilijua vizuri kusimulia habari za mtu anayewauza wenzake. Hata hivyo, ilipofika zamu ya ngome hii, ikamchagua farasi. Naliona chaguo hilo kama rehema: walioshindwa wameachiwa heshima yao.

Tukigeukia Kitabu cha Yudithi, tunakuta tena mji wa mlimani na tena maji. Holoferne anauzingira mji wa Bethulia akiwa na jeshi kubwa. Wakuu wa Edomu na Moabu, majirani wanaoifahamu milima ile, wanamshauri asipoteze askari wake: ateke chemchemi iliyo chini ya mlima, na kiu itafanya kazi ya upanga. Baada ya siku 34 watu wanazimia njiani. Wazee wa mji wanampa Mungu siku tano. Zikipita bila msaada, watajisalimisha. Ndipo mjane Yudithi anaposimama kuwakemea kwa kumwekea Mungu muda, kisha anakwenda kambini mwa adui na kumkata Holoferne kichwa. Hapa siri ya maji inatoka kwa jirani, lakini lawama nzito inawaangukia viongozi waliokata tamaa. Kiu imekuwa mtihani wa imani.

Katika fasihi ya Waswahili, kisa kinachostahili kuwekwa kando ya hivi ni cha Fumo Liyongo, ambacho Muhamadi Kijumwa wa Lamu alikitungia utenzi mwaka 1913. Hapa hakuna ngome ya mawe, kwa kuwa ngome ni mwili wa shujaa mwenyewe. Mshale haumdhuru wala mkuki haumwui. Silaha inayomweza ni moja tu, shaba inayochomwa kitovuni. Sultani wa Pate anamrubuni mtoto wa Liyongo kwa ahadi ya cheo na ndoa. Kijana anamuuliza baba yake siri hiyo, na baba, ingawa anahisi hatari, anamwambia. Anachomwa akiwa usingizini. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kisha simulizi linageuza mambo. Liyongo anaamka na jeraha, anachukua upinde wake, anakwenda kisimani na kupiga goti huku mshale uko tayari. Anafia hapo katika hali ile ile. Watu wa mji, wakidhani yu hai, hawathubutu kuteka maji, na mama yake anaombwa aende kumtuliza. Kule Smbataberd adui aliwakatia maji wasio na hatia. Hapa aliyesalitiwa ndiye anayeuzingira mji kwa kiu, na mji unaozingirwa ndio uliofaidika na kifo chake. Naye mtoto hayafurahii malipo ya usaliti wake.

Mapokeo haya matatu yanakubaliana kwamba nguvu ina mlango wake mdogo, na kwamba mlango huo haulindwi kwa kuta. Yanatofautiana juu ya anayeufungua. Waarmenia, waliopoteza falme na miji, wameliliwaza kovu lao kwa kisa kinachowaacha pamoja. Kitabu cha Yudithi kinawaonya wazee wa mji wasiitangulie subira ya Mungu. Waswahili wamechagua njia kali kuliko zote: wamemweka msaliti mezani pa baba yake, wakautia mji mzima hatiani.

Sisemi kwamba ukali huo unakifanya kisa cha Liyongo kuwa bora. Jamii iliyovunjika inahitaji faraja, na kisa cha farasi kinaitoa. Lakini faraja haimfundishi mtu kujilinda, na hapo Liyongo anatufaa zaidi, kwa kuwa anatulazimisha kujichunguza sisi wenyewe kabla ya kumtafuta adui mlimani. Walimu wa fasihi wasimfundishe kama jitu la ajabu tu. Wamsome pamoja na Smbataberd na Bethulia, wawaulize wanafunzi wao katika kila kisa ni nani aliyetoa siri, na kwa nini wasimulizi walitaka awe huyo.