Maji ya Ngama: Vita vya Siri vya Mabaharia wa Pwani

Wasikilizaji wetu, katika mazungumzo haya twataka kusimulia habari za jambo ambalo abiria hulisahau, lakini nahodha hawezi kulisahau hata siku moja. Nalo ni maji yaingiayo chomboni kwa siri. Twasoma vitabuni habari za Kaskazi na Kusi, na za masultani na bandari zao. Lakini chini ya shehena za tende, chumvi na boriti kulikuwa na vita vingine, na uwanja wake ulikuwa ngama, yaani mahali pa chini kabisa ndani ya chombo, ambapo maji yote yaliyovuja hukusanyika.

Vyombo vya pwani hii ambavyo habari zake ni za kale kabisa vilikuwa vya kushonwa. Kitabu cha Kigiriki kiitwacho Periplus, kilichoandikwa katika karne ya kwanza baada ya Masihi, chataja bandari ya Rhapta, na chasema kuwa jina lake latokana na vyombo vilivyoshonwa. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331, ameeleza kuwa merikebu za Bara Hindi na Yemen zilishonwa kwa kamba za nazi kwa sababu bahari ile ina miamba mingi: chombo cha misumari kikigonga mwamba huvunjika, bali cha kamba hunepa. Lakini Marco Polo, aliyeona vyombo vya namna hiyo huko Hormuz katika karne ya 13, alivilaumu sana, akasema vingi huzama.

Wote wawili walisema kweli. Tuutazame mtepe wa visiwa vya Lamu, uliosafiri na tanga lake la mkeka hata mwanzo wa karne ya 20. Mbao zake zilitobolewa, zikashonwa kwa kamba za usumba. Ulipogusa fungu haukupasuka upesi. Lakini kila tundu la kamba lilikuwa mlango wa maji. Kwa hiyo mabaharia wake hawakuwa na budi kufua maji kwa zamu, mchana na usiku. Walipochoka wao, chombo nacho kilikuwa hatarini, pamoja na mali na roho za watu.

Baada ya Wareno kufika mwaka 1498, ujenzi wa misumari ulienea kidogo kidogo katika bahari yetu. Hata hivyo maji hayakukoma. Msumari hula kutu, na tundu lake hupanuka. Mbao nazo hukauka jua likiwaka, na nafasi hufunguka kati ya ubao na ubao. Ndiyo sababu mafundi walitia kalafati, yaani pamba iliyotiwa mafuta, wakaishindilia katika nafasi zile kwa patasi na nyundo. Chini ya mstari wa maji walipaka deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu, ili kumzuia yule mdudu wa baharini atoboaye mbao. Juu yake walipaka sifa, mafuta ya papa. Kazi hii ilifanywa chombo kikiwa kimepandishwa pwani wakati wa bamvua, maji yakiwa yamepwa.

Sasa tueleze jinsi ya kutafuta mahali panapovuja, maana hapa ndipo busara ilipohitajiwa kuliko nguvu. Kwanza maji yote hufuliwa, kisha farumi na takataka huondolewa. Chini ya mataruma wajenzi huacha vijitundu ili maji yapite mpaka mahali pa kufulia. Punje za nafaka na nyuzi za kamba zikiviziba, maji hukwama, na mbao huoza mahali pasipoonekana. Tena, maji ya chumvi yakikaa na uchafu bila hewa hutoa harufu ya yai viza. Wazee walisema, chombo kilichopikiwa samaki hakiachi kunuka vumba; lakini harufu hii si ya kufanyiwa mzaha. Hewa yake yaweza kumzimisha mtu, hata kumwua, katika mahali palipofungwa. Basi kwanza hufunguliwa, upepo upite, ndipo mtu ashuke.

Ngama ikiisha kukauka, hunyunyizwa jivu au chokaa, na mahali panapolowana kwanza huonekana. Lakini penye maji siyo palipotoboka, kwa kuwa maji huingia juu na kuteremka kwa kufuata taruma. Kwa hiyo fundi hufuata unyevu kwenda juu hata aone mwanzo wake. Maji yenyewe nayo hutoa ushahidi: yakiwa matamu, ni ya mvua au ya pipa, yakiwa ya chumvi, ni ya bahari. Chombo kikivuja tu kinapolalia upande mmoja, tundu li katika ubavu ule, juu ya mstari wa maji ya kawaida. Kikivuja zaidi katika mwendo kuliko kikiwa kimetia nanga, huanza kukaguliwa omo. Na kikiwa kimepwelewa pwani, na ndani mna maji, hutazamwa nje ni wapi yanapodondoka.

Mwaka 1980 Tim Severin aliondoka Muscat katika chombo cha kushonwa kiitwacho Sohar, akafika Canton, nchi ya China, mwaka 1981. Safari ile ilithibitisha kuwa kamba za nazi zaweza kuvuka bahari kuu, ikiwa wenye chombo hawalali. Hata leo, ijapokuwa pampu imechukua mahali pa upo katika vyombo vingi, mafundi wa Lamu, Unguja na Pemba wangali wakitia kalafati kwa mkono.

Basi tunapowasifu mabaharia wa zamani kwa kujua nyota na pepo, tumkumbuke na yule kijana aliyeinama gizani ngamani, upo mkononi. Jina lake halikuandikwa. Lakini bila yeye tende za Basra zisingalifika Unguja, wala boriti za Rufiji zisingaliezeka nyumba za Uarabuni.