Wahunzi na Chuma Chakavu katika Ngara na Biharamulo

Wako wanaodhani kwamba kuokota kilichotupwa na kukitengeneza upya ni kazi ya wanyonge wa mijini, tena ni jambo la siku hizi tu. Historia ya wilaya za Ngara na Biharamulo na jirani zao yatuonyesha vingine.

Kabla ya ukoloni, chuma kilikuwa mali adhimu katika nchi zilizo magharibi ya ziwa Viktoria. Uchimbuzi wa wanaakiolojia huko Buhaya umethibitisha kwamba uyeyushaji wa chuma una umri wa miaka ipatayo 2000. Katika Uzinza, Warongo walisifika kwa kazi hiyo, na majembe yalitumika kulimia, kununulia na kutolea mahari. Jembe moja lilidai jasho la wengi: wachimba mawe, wachoma mkaa, wafinyanzi wa kewa na wavuta mivukuto. Kwa hiyo chuma hakikutupwa ovyo. Jembe lililolika lilirudi kwa mhunzi, likazaliwa tena kisu au mshale.

Majembe ya viwanda vya Ulaya yalipoenea wakati wa Wajerumani na Waingereza, tanuri zilizimika moja baada ya moja. Hata hivyo, aliyetoweka ni myeyushaji, si mhunzi. Mhunzi alibadili malighafi tu: mahali pa mawe pakashikwa na vyuma vya magari mabovu.

Ustadi wa namna hiyo ulionekana tena Ngara. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, Wanyarwanda zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kukimbilia nchini, na kambi ya Benaco ikawa mji kwa siku chache. Hapakuwa na kiwanda. Makopo ya mafuta ya msaada yakageuzwa vibatari na vyombo vya nyumbani. Wakimbizi hao walirejeshwa kwao Desemba 1996.

Leo mavi ya chuma ndiyo yanayotukumbusha tanuri za zamani, lakini elimu ya kuziwasha ilikwenda makaburini na wazee walioijua. Tukiendelea kumdharau mfua bati na kumwita mwokota takataka, ya pili nayo itafuata njia hiyo. Yatupasa basi kumheshimu na kumpa vijana wa kumrithi, maadamu nyundo yake ingali inalia.