Jua, Moto na Nyaya: Historia ya Kukausha Nguo Tarakea na Miteremko ya Kilimanjaro

Tarakea ni mji wa mpakani uliopo wilayani Rombo, mkabala na Loitokitok ya Kenya. Kama ilivyo kwa vijiji vingine vya miteremko ya Kilimanjaro, maisha yake huongozwa na masika ya Machi hadi Mei, vuli ya Oktoba hadi Desemba, na kipindi cha baridi na mawingu kinachozidi kuanzia Juni hadi Agosti. Ingawa pande za kusini, juu ya Moshi, hupata mvua nyingi kuliko Rombo, familia za pande zote zimelazimika kwa vizazi kadhaa kutafuta namna ya kuondoa maji katika kitambaa wakati hewa yenyewe imeshiba unyevu. Historia ya utafutaji huo, kuanzia jua hadi mashine ya umeme, ni pia historia ya namna chanzo cha hitilafu kilivyozidi kuhama kutoka uani kwa mwenye nguo kwenda mahali asipoweza kupafikia.

Tatizo hilo lilikua pamoja na pamba. Kabla ya biashara ya misafara kushamiri, Wachagga, wenyeji wa miteremko hiyo, walivaa zaidi ngozi za mifugo, vazi lililolainishwa kwa mafuta na ambalo halikufuliwa mara kwa mara. Mmisionari Johannes Rebmann alipofika Kilimanjaro mwaka 1848, nguo za dukani zilikuwa zimekwisha kuwa bidhaa ya thamani katika njia za kutoka pwani, na miongoni mwazo ilikuwamo merikani, yaani kitambaa kigumu cha pamba kisichotiwa rangi, kilichosafirishwa kutoka Marekani kupitia Unguja. Baadaye zilikuja shule za misheni, ambako usafi wa mavazi ulikuwa sehemu ya nidhamu, kisha reli iliyofika Moshi mwaka 1911, na hatimaye fedha ya kahawa iliyosimamiwa na vyama vya wakulima, hususan chama cha ushirika cha KNCU kilichoundwa mwaka 1933. Kwa kadiri kila kaya ilivyoongeza shuka, sare na blanketi, ndivyo kazi ya kufua na kuanika ilivyoongezeka, na sehemu kubwa ya kazi hiyo iliwaangukia wanawake na wasichana.

Mazingira ya kihamba, yaani shamba la familia linaloizunguka nyumba, hayakuirahisisha kazi hiyo. Migomba, kahawa na miti mirefu ya kivuli, ambayo hulinda udongo na kupunguza ukali wa jua, huzuia pia mwanga na upepo, hivyo kamba ya kuanikia ilibidi ifungwe katika uwazi mdogo wa uani. Uwazi huohuo uligombewa na vichanja vya kahawa, meza za kuanikia buni iliyomenywa na kuoshwa, ambayo hukaushwa hadi unyevu wake ubaki takriban asilimia 11 au 12. Mvua ilipokataa kukatika, nguo zilihamishiwa karibu na mafiga jikoni, ambako joto lilizikausha huku moshi ukiziachia harufu yake. Jua likikosekana au kuni zikilowa, sababu ilionekana kwa macho, na mwenye nguo alijua la kufanya.

Pasi ya mkaa iliongeza hatua nyingine. Zaidi ya kunyoosha, ilimalizia unyevu uliosalia katika mishono na kuua mayai ya nzi wa tumbu, mdudu anayeweza kutaga kwenye nguo mbichi, na ambaye mabuu yake huingia katika ngozi ya mvaaji na kusababisha majipu. Katika miji kama Moshi, dobi aliifanya kazi hii kuwa biashara, akipokea nguo, kuzifua, kuzianika na kuzipiga pasi kwa malipo. Hata hivyo, naye aliahidi siku ya kuchukua nguo kwa kutazama mawingu.

Umeme ulibadili suala hilo polepole. Mitambo ya maji ya bonde la Pangani, ukiwemo wa Hale uliokamilika mwaka 1964 na wa Nyumba ya Mungu uliofuata mwaka 1968, iliimarisha umeme wa kaskazini mwa nchi, lakini vijiji vingi vilisubiri miaka mingi, na Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007 ili kuharakisha usambazaji. Waya mrefu unaolisha nyumba nyingi hupoteza sehemu ya nguvu njiani, hasa jioni watu wanapopika na kuwasha taa kwa pamoja. Hali hiyo wananchi huiita umeme mdogo.

Mashine ya kukaushia nguo ilizaliwa katika mazingira tofauti kabisa. George T. Sampson, mvumbuzi Mmarekani mwenye asili ya Afrika, alipata hataza ya kikaushio chake mwaka 1892, na mashine za umeme ziliingia sokoni Marekani mwishoni mwa miaka ya 1930. Ndani yake mna ngoma inayozungushwa na mota kwa mkanda, pamoja na hita inayopasha moto hewa inayopita katikati ya nguo. Mashine hiyo hudhani kwamba umeme ni thabiti, na dhana hiyo ndiyo huanguka kwanza inapofika mwisho wa waya mrefu.

Nguvu ya mota ya aina hii ya kuanza kuzunguka hupungua kwa kipeo cha pili cha volti, kwa hiyo umeme ukishuka hadi asilimia 80 ya kiwango cha kawaida, ambacho nchini Tanzania ni volti 230, nguvu hiyo hubaki asilimia 64 tu. Matokeo yake mashine hunguruma bila kuzunguka, na ikiachwa hivyo mota huungua. Fundi makini huanza kwa kupima volti kwenye soketi wakati mashine inajaribu kuwaka, kisha huchomoa waya na kuizungusha ngoma kwa mkono. Ikiwa nzito, hutafuta nguo iliyonasa au roda iliyokwama. Ikizunguka kwa wepesi kupita kiasi, hushuku mkanda uliokatika. Hukagua pia kapasita, kifaa kinachoisaidia mota kuanza, ambacho huondolewa chaji kabla ya kuguswa. Mashine isiyotoa sauti yoyote humwelekeza kwenye plagi, swichi ya mlango na fyuzi ya joto, ambayo hukatika ili kuzuia moto, mara nyingi kwa sababu njia ya hewa imezibwa na vumbi la nyuzi. Kubadili fyuzi bila kusafisha njia hiyo ni kualika hitilafu ileile irudi, na kuiruka kwa waya ni kuhatarisha nyumba.

Kwa mpangilio huo, ugunduzi wa hitilafu unaufuata mkondo wa historia kinyumenyume: huanzia nje, kwenye nguvu inayotoka mbali, na kuishia kwenye kifaa kidogo kilicho ndani ya nyumba. Kwa kuwa nguvu hiyo haiko mikononi mwa mwenye nguo, kamba ya kuanikia haijaondolewa na mashine katika nyumba chache zilizoinunua. Hutumika siku za jua, na mashine huachiwa siku za ukungu. Kuendelea kwake si dalili ya kuchelewa kwa maendeleo, bali ni uamuzi wa kiuchumi wa kaya zinazolipa kila yuniti kabla ya kuitumia, na zinazojua kwamba hita ya kilowati 2.5 humaliza yuniti 2.5 kwa saa moja ilhali jua halitozi ada.