Jarida Lililobadilisha Rangi

Kabla ya 1785, mwanamke aliyeishi mbali na Paris na kutaka kujua huko wanavaa nini hakuwa na njia nyingi. Kulikuwa na wanasesere waliovishwa mitindo mipya na kusafirishwa hadi miji ya mbali. Kulikuwa na michoro iliyouzwa karatasi moja moja. Na umbea, bila shaka, ambao haujawahi kukosa usafiri.

Novemba 1785, mwuza vitabu wa Paris aitwaye Buisson akaanza kutoa Cabinet des Modes. Kila baada ya siku 15, aliyelipia alipata kurasa 8 za maandishi na michoro 3. Michoro ilichongwa kwenye bamba la shaba, ikapigwa chapa, kisha ikapakwa rangi kwa mkono, nakala baada ya nakala. Humo mlikuwa na gauni, kofia, makoti ya wanaume, hata fanicha na magari ya farasi.

Ada ilikuwa livre 21 kwa mwaka. Kibarua wa Paris alipata takriban livre moja kwa siku, na sehemu kubwa iliishia kwenye mkate. Kwa hivyo tusidanganyane, halikuwa jarida la kila mtu. Lakini mke wa wakili kule mkoani sasa aliweza kumwonyesha fundi wake mchoro na kusema, "Nishonee hii," bila kukanyaga ikulu ya Versailles. Siri ya wakubwa ilikuwa imeanza kuuzwa.

Mwaka 1786 jarida likabadilisha jina, likaongeza mitindo ya Kiingereza, maana Paris ilikuwa imepagawa na mambo ya Uingereza. Kisha yakaja Mapinduzi ya 1789. Mwaka uliofuata likarudi kama Journal de la mode et du goût, likiwavisha wanawake nyekundu, nyeupe na buluu za uzalendo. Haikusaidia. Matajiri wengi walikuwa wamekimbia nchi, na waliobaki waliogopa kuonekana wamependeza kupita kiasi. Mwaka 1793 likafa.

Oktoba mwaka huohuo, Malkia Marie-Antoinette alikatwa kichwa. Siku 13 baadaye, bunge liliamuru kwamba kila raia yuko huru kuvaa apendavyo. Uhuru huo ulikuja jarida likiwa limeshazikwa, tena ulikuja na sharti: mradi nguo iwe ya jinsia yako.