Homoni, Muda na Mimba: Tatizo la Mpangilio katika Tiba ya Endometriosisi Kali

Ikisiri

Makala hii inajadili hali ya mwanamke anayetafuta mtoto baada ya kuugua endometriosisi kali na kutibiwa kwa homoni. Inapinga dhana mbili: kwamba homoni huharibu kizazi, na kwamba homoni hukiandaa kizazi kupokea mimba. Hoja kuu ni kwamba homoni hutuliza maumivu bila kuongeza uwezo wa kuzaa, na kwamba gharama yake kubwa kwa mtafuta mtoto ni muda. Kwa hiyo nia ya kuzaa inapaswa kujulikana kabla dawa haijaandikwa.

Utangulizi

Mwanamke mwenye endometriosisi kali anayetafuta mtoto hukumbana na kauli mbili zinazogongana. Nyumbani, mawifi na mashangazi humwambia kwamba sindano na vidonge vya homoni ndivyo vilivyomharibia kizazi. Hospitalini, pengine, huambiwa achome sindano hizohizo kwa miezi sita ili kizazi kitulie, ndipo ajaribu kushika mimba. Kauli ya kwanza humfanya aikimbie dawa hata pale maumivu yanapomlaza kitandani. Ya pili humfanya aingoje dawa impe kitu isichokuwa nacho.

Kauli zote mbili zinaipa homoni nguvu isiyo yake. Kazi ya homoni hizi ni kusimamisha: kusimamisha hedhi, kusimamisha kukomaa kwa mayai, na kwa njia hiyo kupunguza maumivu. Wakati hayo yote yamesimama, umri unaendelea. Makala hii inadai kwamba wagonjwa wengi wa aina hii hupoteza nafasi ya kuzaa kwa sababu ya mpangilio mbaya wa tiba: wanatibiwa maumivu kabla hawajaulizwa kama wanataka mtoto, na lini.

Ugonjwa na kizuizi chake

Katika endometriosisi, tishu inayofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje yake: juu ya ovari, kwenye mirija, nyuma ya mji wa mimba, kwenye utumbo au kibofu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba ugonjwa huu unawapata takribani asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, yaani watu milioni 190 hivi. Maelezo yanayotajwa zaidi kuhusu chanzo chake ni ya daktari Mmarekani John Sampson, aliyependekeza mwaka 1927 kwamba damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija na kupanda chembe zake tumboni. Hata hivyo, damu hiyo hurudi nyuma kwa wanawake wengi mno kuliko wale wanaougua, kwa hiyo nadharia hiyo peke yake haitoshi.

Kwa kipimo cha Jumuiya ya Marekani ya Tiba ya Uzazi, ugonjwa hugawanywa katika hatua nne, na hatua ya nne ndiyo inayoitwa kali. Daktari anayeingiza kamera tumboni mwa mgonjwa wa hatua hiyo mara nyingi hukuta ovari zimevutwa nyuma ya mji wa mimba na kugandana, zikiwa na uvimbe uliojaa damu nzito ya rangi ya kahawia, ule unaoitwa uvimbe wa chokoleti. Utumbo umenata kwenye mgongo wa mji wa mimba, na nafasi iliyopaswa kuwapo kati ya viungo hivyo viwili imezibwa na makovu. Mrija unaweza kuwa wazi, dawa ya picha ya mirija ikapita bila shida, lakini mdomo wake ukawa umebanwa mbali na ovari usiweze kulipokea yai.

Undani huo una maana kubwa kwa mjadala wetu. Katika ugonjwa mkali, sehemu kubwa ya kizuizi cha mimba ni ya kimaumbile: viungo vimehama mahali pake na kushikamana. Homoni inaweza kusinyaza tishu inayovuja damu, lakini hakuna kidonge kinachokata kovu.

Homoni hufanya nini, na haifanyi nini

Katika hatua zake za awali, tiba hii iliiga ujauzito. Mwishoni mwa miaka ya 1950, daktari Robert Kistner wa Boston aliwapa wagonjwa homoni kwa wingi na mfululizo ili miili yao ikae kama ya wajawazito, kwa kuwa madaktari walikuwa wameona dalili zikipungua wakati wa mimba. Miaka ya 1970 ikaja danazoli, iliyoiga kukoma kwa hedhi na kuwaachia baadhi ya wanawake chunusi, nywele usoni na sauti nzito. Zikafuata sindano za goserelini na leuprorelini, ambazo huichochea tezi ya pituitari kwa muda mfupi kisha huizima, hadi ovari nazo zinyamaze. Halafu dienojesti, kidonge cha miligramu 2 kwa siku. Katika zahanati zetu, dawa iliyo karibu na ya bei nafuu ni ileile ya uzazi wa mpango: sindano ya miezi mitatu. Toleo lake la kuchomwa chini ya ngozi liliidhinishwa Marekani mwaka 2005 kwa maumivu ya endometriosisi.

Wanaozitetea dawa hizi kama maandalizi ya mimba hudai kwamba ugonjwa utasinyaa wakati wa mapumziko, na mimba itaingia kwa urahisi dawa ikiisha. Dai hilo limepimwa. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaojumlisha tafiti za tiba, yaliyoongozwa na Edward Hughes mwaka 2007 yaliwalinganisha wanawake wenye ugonjwa huu na ugumba, baadhi wakiwa wamezimwa ovari kwa homoni na wengine hawakuzimwa. Hayakukuta faida yoyote katika kupata mimba. Mwongozo wa mwaka 2022 wa ESHRE, jumuiya ya Ulaya ya wataalamu wa uzazi, unasema waziwazi kwamba dawa za kuzima ovari zisitolewe kwa lengo la kuongeza uwezo wa kuzaa, na kwamba hata baada ya upasuaji zisitolewe kwa lengo hilo pekee.

Dai la upande wa pili, kwamba homoni huua kizazi, nalo halina msingi. Anayeacha dienojesti kwa kawaida hupevusha yai tena ndani ya wiki chache. Aliyekuwa akichoma goserelini ya kila mwezi hurudiwa na hedhi baada ya miezi miwili au mitatu. Sindano ya miezi mitatu ndiyo yenye kuchelewa: kwa waliopata mimba baada ya kuiacha, nusu walishika ndani ya miezi 10 hivi tangu sindano ya mwisho, na wengine walingoja zaidi ya hapo. Ucheleweshaji huo hautegemei mtu ametumia sindano kwa miaka mingapi, nao huisha. Lakini mwanamke ambaye muuguzi hakumtahadharisha atauhesabu kila mwezi mkavu kuwa ushahidi wa alichoonywa na wifi yake. Na hedhi ikirudi bila mimba kuingia, lawama itaiangukia dawa, ilhali kovu lilikuwapo kabla ya dawa.

Muda kama kigezo cha tiba

Mwaka 2010, watafiti Adamson na Pasta walichapisha kipimo cha kukadiria uwezekano wa mwanamke mwenye endometriosisi kushika mimba kwa njia ya kawaida baada ya upasuaji. Kipimo hicho kina alama 10, na mgawanyo wake unastahili kutazamwa kwa makini. Umri una alama mbili: aliye na miaka 35 au chini yake huzipata zote, wa miaka 36 hadi 39 hupata moja, na aliyefika 40 hapati kitu. Miaka ya kutafuta mtoto ina alama mbili, ambazo hupotea zote ikizidi mitatu. Kuwahi kushika mimba kuna alama moja. Jinsi mirija, midomo yake na ovari zinavyoonekana kufanya kazi mwishoni mwa upasuaji kuna alama tatu. Kuenea kwa ugonjwa wenyewe, jambo linalowatisha wagonjwa kuliko yote, kuna alama mbili tu.

Kwa hesabu hiyo, alama nne kati ya 10 zinahusu muda, mara mbili ya zile zinazohusu ukubwa wa ugonjwa. Homoni haiongezi alama hata moja kati ya hizo 10. Inachoweza kufanya ni kumsubirisha mwanamke wa miaka 35 hadi afikishe 36 au 37, na hapo alama moja imekwenda bila chochote kupatikana badala yake. Kipimo hiki pia kinachukulia kwamba mbegu za mume ni nzima, jambo ambalo katika kliniki nyingi huwa halijathibitishwa.

Upasuaji una sura mbili. Jaribio la Kanada lililochapishwa na Marcoux na wenzake mwaka 1997, kwa wanawake 341, lilionyesha kwamba kuondoa vidonda vya ugonjwa kuliinua idadi ya waliopata mimba hadi asilimia 30.7, dhidi ya asilimia 17.7 ya waliochunguzwa tu kwa kamera. Lakini wanawake hao walikuwa na ugonjwa mdogo. Kwa ugonjwa mkali hatuna jaribio la namna hiyo. Tunategemea tafiti za ufuatiliaji na mantiki ya kurudisha viungo mahali pake. Aidha, kung'oa uvimbe wa chokoleti huondoka na sehemu ya ovari yenye mayai, na homoni ya AMH inayoashiria akiba ya mayai hushuka, hasa ovari zote mbili zikiguswa. Ndiyo maana upasuaji wa kurudiarudia ni hatari kwa mtafuta mtoto, na kwa anayeelekea kwenye upandikizaji wa mimba iliyotungwa maabara (IVF) haushauriwi ufanywe kama desturi.

Mpangilio ulivyoharibika kwetu

Kwa muda mrefu sayansi yenyewe haikutarajia kuukuta ugonjwa huu kwa mwanamke Mwafrika. Nchini Marekani, daktari Joe Meigs aliuhusisha na wanawake wa tabaka la juu wanaochelewa kuolewa na kuzaa. Mwaka 1976 Donald Chatman, daktari wa Chicago, alionyesha kwamba wanawake Weusi wengi walioandikiwa maambukizi ya nyonga walikuwa na endometriosisi. Kuhusu Afrika, utafiti wa WHO uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 1985 ulisisitiza ugumba utokanao na maambukizi yanayoziba mirija. Matokeo hayo yalikuwa ya kweli, lakini yalijenga mazoea: mwanamke mgumba aandikiwe antibayotiki kwanza.

Bahasha ya kaki anayokuja nayo mgonjwa wa namna hii aghalabu husimulia mazoea hayo. Mna vyeti vya antibayotiki za "maambukizi ya kizazi", picha mbili tatu za ultrasaundi zinazoutaja uvimbe uleule kwa majina tofauti, kadi ya sindano, na risiti za maduka ya dawa. Ndani ya mkoba kuna chupa ya dawa ya chango iliyoletwa na mama mkwe. Kipimo cha mbegu za mume ndicho kisichoonekana. Kifo cha mtangazaji wa Kenya Njambi Koikai mnamo Juni 2024, aliyeugua endometriosisi tangu ujana wake, kiliwafanya wengi waulize kwa nini ugonjwa huchelewa kutambuliwa. Swali la pili, la nini kifuate baada ya kutambuliwa, halijapata wasikilizaji wa kutosha.

Umbali wa huduma nao huongeza uzito wa kila mwezi unaopotea. Upandikizaji wa mimba ulizaa mtoto wa kwanza Uganda mwaka 2004 na Kenya mwaka 2006, lakini bado kwa sehemu kubwa ni huduma ya hospitali binafsi za mijini, inayolipwa kutoka mfukoni. Anayehitaji miaka miwili kukusanya fedha hizo hawezi kupoteza mwaka mwingine kwa sindano isiyomsogeza mbele.

Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni la maumivu. Mwanamke asiyeweza kusimama wakati wa hedhi, na anayeumia katika tendo la ndoa, hawezi kuambiwa tu aache dawa. Hilo ni kweli, na makala hii haiikatai homoni. Msichana asiye na mpango wa kuzaa kwa sasa, au mwanamke aliyefanyiwa upasuaji na anayetaka kungoja, anastahili kuipata. Mwongozo wa ESHRE unakiri kwamba haitadhuru uwezo wake wa kuzaa baadaye. Kinachopingwa ni kuiuza kama njia ya kufikia mimba. Hali kadhalika inapingwa kauli ya "zaa upone". Mimba inaweza kutuliza dalili kwa muda, lakini si tiba, na kumharakisha msichana aolewe kwa sababu hiyo ni kumbebesha mzigo juu ya ugonjwa. Tena, mimba yenyewe katika ugonjwa huu inahitaji ufuatiliaji, kwa kuwa hatari ya kondo la nyuma kutangulia huongezeka.

Pingamizi la pili ni la kitaalamu zaidi: mapitio ya Cochrane ya mwaka 2006 yalionyesha kwamba kuzima ovari kwa miezi mitatu hadi sita kabla ya upandikizaji kuliongeza sana mimba. Lakini mapitio hayo yaliporudiwa mwaka 2019 kwa tafiti zaidi, faida hiyo haikuwa na uhakika tena, na ESHRE haishauri utaratibu huo. Daktari anayeendelea kuutumia anapaswa kumweleza mgonjwa kwamba anauza miezi halisi kwa faida ya kukisia.

Hitimisho

Mabadiliko yanayohitajika hayahitaji mashine mpya. Kadi ya kila mgonjwa anayeshukiwa kuwa na endometriosisi iwe na swali la kama anataka mtoto na lini, nalo lijibiwe na mgonjwa mwenyewe, faraghani, bila mume wala mama mkwe kumsemea. Akijibu kwamba anataka sasa, vipimo vya akiba ya mayai na mbegu za mume vifanywe kabla ya sindano ya kwanza na kabla ya kisu, na apewe rufaa mapema badala ya kuwekwa kwenye homoni akisubiri. Akijibu kwamba anataka baadaye, apewe homoni pamoja na maelezo ya muda ambao kila dawa huchukua kuisha mwilini, ili atakapoiacha asishikwe na hofu ya kuharibiwa. Anayetaka sasa lakini maumivu hayamruhusu kujaribu aandikiwe homoni kwa muda uliotajwa, tarehe ya kuacha ikiandikwa siku hiyohiyo. Katika hali zote tatu, dawa inafuata jibu la mgonjwa. Kwa sasa, mara nyingi, jibu lake linasikika dawa ikiwa imekwisha kumla mwaka.